Mbwa wa marehemu mzee amezeeka na anaumwa: achomwe sindano au aachwe ajifie mwenyewe?

Mchikichini:
Wakuu salaam. Nipo Kigoma, huku Gungu, na tuna kashamba ka michikichi na mahindi upande wa Simbo. Naomba ushauri wa watu wazima. Wale wa "mbwa tu huyo" mpite kushoto, ingawa najua mtakuja.

Tuna mbwa anaitwa Mtasema. Jina alilitoa marehemu mzee enzi zile ana ugomvi wa mpaka na jirani. Alikuwa anamwita kwa sauti jioni jioni, na jirani anajua kabisa anayeitwa ni nani. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limechanwa na nyani. Umri wake hauna cheti, ila mdogo wangu wa mwisho alikuwa chekechea alipoletwa, na sasa kamaliza kidato cha nne.

Hali yake ni hii. Miguu ya nyuma imekwisha. Akitaka kuinuka anaanza na ya mbele, anatulia, anahema, halafu anajivuta. Mara nyingine anaghairi analala tena. Anakunywa maji kupita kiasi na mkojo unamtokea hapo hapo alipolala. Amekonda, mgongo unahesabika. Mdomo unanuka. Kichwa cha samaki mgebuka, ambacho zamani kilikuwa hakigusi chini, sasa anakilamba na kukiacha. Viwiko vimechubuka kwa kulalia sementi, nzi hawamwachi. Tumemtandikia magunia, na usiku naamka kumgeuza upande wa pili.

Mke wangu anasema tunamtesa. Kaka yangu aliyeko Dar anasema kwenye simu "malizeni hiyo kitu", lakini yeye hajamwona. Jirani mwingine (siyo yule wa mpaka) alikuja na wazo la kuweka dawa ya panya kwenye dagaa. Nikamwambia asirudie kulisema hapa kwangu.

Na Mama ndiyo kasimama kabisa: "Mbwa wa baba yenu hachomwi sindano kwenye uwanja wangu. Mungu akimtaka atamchukua."

Sasa nauliza mawili. Nitajuaje kwamba muda umefika? Na hili ni la nani kuamua?

Kijana wa Reli:
Mbwa tu huyo mkuu. Watu hawana hela ya kusafisha figo, wewe unaamka usiku kugeuza mbwa.

Mchikichini:
Karibu mkuu, kiti chako kilikuwa kinakusubiri.

Bwana Mifugo Kasulu:
Mleta uzi, pole. Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi lakini mbwa wanaletwa. Kabla hatujafika kwenye sindano, hakikisha kinachomuumiza ni uzee kweli. Uzee unasingiziwa mengi.

La kwanza, meno. Mbwa mwenye jino bovu anakwenda kwenye chakula kwa hamu, anaonja, anaacha. Ukimfungua mdomo unakuta fizi imevimba na usaha. Jino linang'olewa, baada ya siku kadhaa anakula vizuri tu.

La pili, kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa anaambukiza vijidudu vya damu. Mbwa analegea, fizi zinakuwa nyeupe, wengine wanatoka damu puani. Wakiwahiwa wanatibika, dawa yenyewe ni ya kawaida.

La tatu, na hili kwa mkoa wetu usilipuuze: ndorobo. Mbwa anayeingia porini, hasa pande za Uvinza, Kibondo au huku kwetu, anaumwa na mbung'o na anapata ugonjwa ule ule wa nagana. Macho yanaingia ukungu mweupe, uso na miguu vinavimba, homa inakuja na kuondoka. Watu wanasema "amezeeka, macho yamekufa", kumbe ni vimelea. Tone la damu chini ya hadubini linaweza kuwaonyesha.

Ila nikiwa mkweli, ulichoandika wewe (maji mengi, mkojo mwingi, kukonda, harufu ya mdomo) kinanipeleka kwenye figo. Na miguu ya nyuma ni viungo vya nyonga. Nyonga tunaweza kuzipunguzia maumivu. Figo za mbwa mzee zikishachoka hazirudi. Tafadhali usimnyime maji ili asikojoe, wengi wanafanya hivyo na wanamuua kwa kiu.

Na usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni zinamtoboa tumbo mbwa na kumalizia hizo figo. Hata panado kipimo kikizidi inamuua ini.

Kuhusu kujua muda: kuna daktari wa Marekani, Alice Villalobos, alitengeneza vipengele saba vya kupima maisha ya mnyama mgonjwa: maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya. Kila kipengele unampa alama 0 hadi 10. Akipita 35 bado unaweza kuendelea kumuuguza. Chini ya hapo, anza kufikiria.

Shangazi wa Isevya:
Nasoma nikiwa Tabora na nimeshindwa kupita bila kuandika.

Dokta, nakuheshimu, lakini hizo alama mimi zilinidanganya. Binti yangu alizitoa mtandaoni tukazibandika jikoni kwa ajili ya jike letu la zamani. Kila jioni nampa alama kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto wake mwenyewe. Hajala? Nampa tatu, si alilamba mchuzi. Hajasimama? Nampa mbili, si alitikisa mkia. Jumla haikushuka chini ya 35 hata siku moja! Mpaka alipokuja shemeji yangu kutoka Nzega, hakuwa amemwona kwa miezi. Aliingia uani, akasimama, akasema, "Huyu mnyama mnamfanyia nini?" Hakuuliza kwa ukali. Lakini nilielewa.

Kwa hiyo mleta uzi, usijipimie mwenyewe. Mlete mtu anayempenda huyo mbwa lakini haishi naye, amwangalie uso wake siyo uso wako.

Na ile dawa ya panya, asante kwa kuikataa. Mtaani kwetu kuna aliyefanya hivyo. Yule mbwa alitapika damu na kulia usiku kucha, watoto wa nyumba tatu wanasikia. Usiku ule sitausahau, na hata mbwa hakuwa wangu.

Mvuvi wa Kibirizi:
Mimi napingana na sindano. Mbwa wa kienyeji akijua siku zake zimefika anaondoka mwenyewe, anaingia kichakani anajifia. Wazee wetu hawakuchoma mtu sindano. Mfungulieni geti.

Bwana Mifugo Kasulu:
Mvuvi, anaondoka yule mwenye miguu. Huyu hawezi kuinuka kwenye gunia, atakwenda kichaka gani? Ukimweka nje usiku atakutwa na siafu yuko hai. Nimeitwa kwenye kesi ya hivyo, siielezei hapa watu wanakula.

Na hili la "kujifia mwenyewe" tulielewe vizuri. Figo zikifeli hafi kwa kulala usingizi. Anatapika, mdomo unapata vidonda, wengine wanashikwa na degedege. Inaweza kuchukua siku nyingi.

Mvuvi wa Kibirizi:
Sawa dokta, umeshinda hapo. Ila wazungu nao wamepoteza mbwa huku. Livingstone alikuwa na mbwa anaitwa Chitane, akafa maji wakivuka kinamasi mwaka 1867, yeye mwenyewe akafika Ujiji 1869 bila mbwa.

Kijana wa Reli:
Hii inahusiana nini na uzi?

Mvuvi wa Kibirizi:
Haihusiani. Nimekumbuka tu.

Maalim wa Ujiji:
Assalaam alaykum. Sijui imani ya mleta uzi lakini swali la "Mungu akimtaka atamchukua" ninaletewa mara kwa mara, nijibu kwa upande wa Uislamu.

Watu wamechanganya mambo. Mate ya mbwa ni najisi, na kwa madhehebu yetu ya Shafi chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo ni suala la twahara, yaani usafi wa ibada. Halikupi ruhusa ya kumtesa. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na mbwa wa kulinda shamba au mifugo ameruhusiwa waziwazi.

Kuhusu kumuua: mnyama hauawi kwa sababu tu amezeeka na hana faida tena. Lakini aliye kwenye mateso yasiyotarajiwa kupona, wapo wanazuoni waliosema inafaa kumpumzisha, kwa sharti iwe njia isiyomuongezea maumivu. Tumeamrishwa ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila kitu, hata katika kuua. Dawa ya panya haimo kabisa.

Mama yako mwache na huzuni yake, usibishane naye kwa dini.

Mchikichini:
Maalim, sisi ni Wakristo, ila nimekuelewa na nimemsomea mke wangu.

Mrejesho wa kwanza. Nilimleta daktari wa mifugo anayehudumia mitaa yetu. Kamfungua mdomo: meno yamechakaa lakini hakuna bovu la kung'oa, ila kuna vidonda pembeni ya ulimi. Damu imepimwa, ndorobo hakuna. Fizi nyeupe. Akaangalia mkojo kwenye chupa, mweupe kama maji ya bomba, akatikisa kichwa. Anasema ni figo, kama Dokta wa Kasulu alivyohisi. Kampa sindano ya kutuliza maumivu ya nyonga, ila akaniambia dawa yenyewe ni mzigo kwa figo, hivyo asingependa kuirudia rudia.

Nikamuuliza, "Ungekuwa wewe?" Akasema hajibu swali hilo kwa mteja, halafu akajibu: angemaliza wiki hii.

Nimefuata ushauri wa Shangazi pia. Nilimwita mjomba kutoka Mwandiga. Mjomba ndiye alikuwa anaenda na mzee shambani kufukuza nyani. Alichuchumaa pale kwenye magunia, akampapasa lile sikio bovu, Mtasema akafungua jicho moja akafunga. Mjomba alikaa kimya muda mrefu kisha akaniuliza kama nina jembe zuri.

Imebaki Mama. Nimemweleza yote ya daktari. Kaniangalia tu, akasema, "Nimeshakwambia." Sasa hapo nifanyeje? Nimchome kwa siri siku akienda jumuiya?

Kijana wa Reli:
Fanya hivyo. Akirudi mwambie amekufa usingizini.

Shangazi wa Isevya:
Usithubutu. Daktari ataonekana na jirani, na jirani atasema. Halafu huyo mama utakuwa umemwibia mara mbili.

Mwanangu, nikuulize kitu. Mama anakataa sindano, au anakataa kuulizwa?

Mchikichini:
Shangazi, sijaelewa.

Shangazi wa Isevya:
Baba yako alipougua, nani aliulizwa?

Mchikichini:
Shangazi umenikalisha chini.

Aliulizwa yeye. Mzee alipozidiwa tukaambiwa tuchague, kumpeleka rufaa mbali au kumrudisha nyumbani. Sisi watoto tulikuwa tunatazamana. Kaka yuko Dar, mimi nasema "Mama unaonaje", mdogo wangu bado mtoto. Mama akasema arudi nyumbani. Akarudi, na baada ya muda mfupi tukamzika. Hakuna aliyemlaumu, wala hakukuwa na cha kulaumu. Ila tangu siku ile sijawahi kumsikia anaamua jambo kubwa. Hata kuuza mawese anasema "muulizeni mkubwa wenu".

Shangazi wa Isevya:
Basi na mbwa usimuulize. Amua wewe, umwambie umeamua wewe. Siyo kumnyang'anya mamlaka yake, ni kumtua mzigo. Kama kweli anakataa utaliona, atakufukuza na fagio.

Bwana Mifugo Kasulu:
Shangazi kamaliza upande huo, mimi nimalizie wa kwangu ili kusiwe na mshtuko siku hiyo.

Inafanywa kwa hatua mbili. Kwanza anachomwa dawa ya kulaza kwenye msuli. Mnakaa naye, baada ya dakika kama kumi au robo saa analala fofofo. Hapo ndipo inakuja ya pili, kwenye mshipa wa mguu wa mbele, na moyo unasimama muda si mrefu. Muulize daktari wako mapema dawa ya pili aliyonayo ni ipi. Kuna zinazokubalika peke yake, na kuna zile za chumvichumvi ambazo ni ukatili kama mnyama hajalala kabisa. Daktari aliyesajiliwa anajua tofauti. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa, na mbwa ni mnyama kama ng'ombe.

Macho hayatafumba. Anaweza kushusha pumzi kubwa mara moja au mbili baada ya kufa, na mkojo utatoka. Hayo ni misuli inalegea, hajaamka. Waambie watoto kabla.

Shimo liwe refu, zaidi ya kiuno cha mtu mzima, juu uweke mawe kabla ya kumalizia udongo. Siyo kwa ajili ya harufu peke yake. Dawa inabaki kwenye nyama, fisi au mbwa mwingine akifukua akala anakufa naye. Na uchimbe mbali na kisima.

Mama Wawili Katubuka:
Nyongeza kwa watakaosoma baadaye: kama mbwa wako amebadilika ghafla, anatokwa na udenda, sauti imekuwa ya ajabu, anang'ata hewa au anavamia watu, usidhani ni uzee. Huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimshike, usimfungue mdomo kuangalia meno. Mwite bwana mifugo. Mtu akishang'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna kupona.

Mchikichini:
Mrejesho wa mwisho.

Alhamisi usiku nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, Jumamosi daktari anakuja kwa Mtasema. Nimeamua mimi." Hakuinua uso. Aliendelea kuchambua, akatupa punje, akatupa punje. Halafu akauliza, "Saa ngapi?" Nikasema saa nne. Akasema, "Saa nne jua limeshakuwa kali. Aje mapema."

Basi. Fagio halikutoka, Shangazi.

Daktari kaja saa moja. Nilikuwa nimemuuliza yale ya Dokta wa Kasulu na akanionyesha chupa zote mbili. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na kichwa, mimi nyuma nimeshika miguu, ingawa haikuhitaji kushikwa. Mdogo wangu alikuwa amesema hatakuwepo, lakini alikuja akasimama mlangoni. Ilikwenda kama ilivyoelezwa hapa hatua kwa hatua, mpaka ile pumzi ya mwisho. Bila kuambiwa mapema ningepiga kelele.

Tulimfunga kwenye shuka la zamani la mzee, Mama ndiye alilitoa, tukampakia kwenye bajaji ya mizigo mpaka Simbo. Mjomba na mdogo wangu walichimba kwenye mpaka. Ndiyo, ule ule mpaka wa ugomvi. Wazo la mjomba. Jirani wa mpaka alituona, akaja, akachukua jembe akachimba zamu yake, hakuna aliyesema neno la zamani.

Mnaouliza gharama: nimelipia dawa na nauli ya daktari, haikufika bei ya mbuzi. Kilichotuchukua muda ni dawa ya pili, daktari alilazimika kuiagiza. Kwa hiyo mwenye mbwa mzee huku aulizie mapema, asisubiri mnyama ameshaanza degedege.

Asanteni wote. Hata wewe Kijana wa Reli.

Kijana wa Reli:
Pole mkuu. Nilikuwa nafuatilia kimya kimya.

Nyuki wa Urambo:
Poleni sana. Dokta wa Kasulu, samahani nadandia uzi wa watu. Mimi nina jike, hajawahi kuzaa, wala siyo mzee sana. Tangu juzi anakunywa maji hivyo hivyo kama Mtasema, hali chakula, analegea. Tumbo naona kama limejaa. Alikuwa kwenye joto mwezi uliopita. Ni figo?

Bwana Mifugo Kasulu:
Nyuki, hapana, hilo ni jingine. Jike akipita joto, ndani ya wiki chache zinazofuata akaanza kunywa maji sana na kulegea, fikiria usaha kwenye mfuko wa uzazi. Wakati mwingine unauona unatoka nyuma, wakati mwingine mlango umefunga hauoni kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Tiba yake kubwa ni upasuaji wa kutoa kizazi, na akiwahiwa wengi wanapona. Usimpe dawa yoyote ya nyumbani. Mpigie daktari wa mifugo wa wilaya yako sasa hivi, mwambie neno "usaha kwenye kizazi" ili aje na vifaa. Usingoje Jumatatu.

Nyuki wa Urambo:
Nampigia sasa hivi.